Begi la Mchezaji wa Jumamosi: Kipi Ununue, Kipi Uache, na Fimbo Inapogonga Mwamba

Nilikuwa kwenye uwanja wa gofu, nimebakiwa na mita 145 hadi kwenye bendera ya shimo, bahari iko mkono wa kulia, upepo wa kusi umeshika. Kwa mahesabu yangu ya Nairobi, mita 145 ni ayani namba 7 (fimbo ya chuma; namba ikipungua, mpira unakwenda mbali zaidi), hakuna mjadala. Mzee aliyenibebea begi siku ile, kedi wa miaka mingi katika ule uwanja wa mashimo 9 wa Mombasa ulio jirani na Mama Ngina, aliniona naichomoa 7 akaikamata shingoni. "Mwanangu, hiyo ni ya bara. Hapa chukua 5." Nikacheka, nikapiga 7. Mpira ulipaa vizuri tu, ukafika juu, ukasita kidogo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha ukashuka kwenye banka, lile shimo la mchanga, hatua ishirini kabla ya grini, zile nyasi fupi zinazozunguka bendera. Mzee hakusema neno. Alikwenda kuchukua reki.

Begi alilobeba mzee lilikuwa limenila pesa nyingi. Draiva mpya (fimbo ya kupiga mbali) ambayo uso wake umelala digrii 9, seti ya ayani, wedji tatu (za mapigo mafupi ya juu), na pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, inayong'aa kama kijiko cha wageni. Kila kimoja nilikichagua Nairobi, kwenye uwanja wa mazoezi, juu ya mkeka wa plastiki, chupa ya maji baridi pembeni. Handikapu yangu, yaani mapigo ninayozidisha juu ya kipimo cha uwanja, ilikuwa 22 kabla ya kununua. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa 22. Kwa hiyo rafiki anayeanza, au aliyeanza akakwama, akiniuliza anunue nini, simtajii jina la kampuni. Namwekea vitu viwili viwili mezani, namwambia kila kimoja kinafaa wapi na kinaumiza wapi, na mimi pesa yangu ningeiweka upande gani.

Bara na pwani

Tazama kwanza unapochezea, kabla hujatazama fimbo. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa kama asilimia 15. Mpira haupati kizuizi kikubwa, kwa hiyo unakwenda mbali: mita 5 au 6 za ziada kwa kila mita 100, ambazo kwa mtu wa kawaida ni sawa na fimbo nzima moja. Hilo wengi wanalijua. Wachezaji wa kulipwa wanaokuja kwenye Kenya Open, mashindano yaliyoanza 1967, huanza kwa kupima upya kila fimbo inafika wapi katika hewa ya Nairobi.

Lisilosemwa sana ni la pili. Mpira hupinda kwa sababu unazunguka huku ukisukumana na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, msukumano unapungua, na mpira unapinda kidogo. Ile slaisi yako inayokwenda kulia kwa adabu pale Karen au Muthaiga, ukiishusha Nyali inavua viatu. Nilirudi kutoka safari yangu ya kwanza ya Mombasa nikiamini kwamba pwani imeniharibia swingi. Kumbe haikuharibu kitu. Nairobi ndiyo iliyokuwa ikinisitiri.

Halafu kuna pepo zenyewe. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, kaskazi huingia Novemba hadi Machi, na shimo ulilozoea kulipiga na upepo mgongoni linakugeukia. Mchezaji wa bara anapanga kwa namba iliyoandikwa kwenye kibao. Wa pwani anatazama minazi kwanza. Ukicheza kote kuwili, weka orodha mbili za umbali kwenye simu yako. Ni bure, na imeniokolea mapigo mengi kuliko draiva.

Digrii 9 au digrii 12

Nilinunua digrii 9 kwa sababu ndizo nilizosikia zikitajwa kwa wakubwa wa mchezo. Lakini wale kichwa cha draiva yao hupita kwenye mpira kwa zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Wengi wetu hatufiki 150. Kwa mwendo wetu, uso wa digrii 9 unautoa mpira chini sana, unaruka kidogo, unaanguka, unategemea kubingirika. Katika hewa ya Nairobi mambo yanazidi, kwa sababu hewa nyepesi haiuinui mpira kama ya pwani.

Uso uliolala zaidi una faida nyingine ambayo muuzaji hakunitajia: unapunguza kupinda. Mzunguko wa kurudi nyuma ukiwa mwingi, ule wa pembeni unakosa nguvu ya kutawala. Ndiyo maana mtu huyohuyo anapiga slaisi mbaya kwa draiva na mpira ulionyooka kwa ayani namba 9. Anadhani draiva yake ina mapepo.

Draiva yako ikiwa haifiki mita 200, usiogope digrii 12. Ikifika, 10.5 inakutosha. Tisa waachie wenyewe.

Na mpya au ya zamani? Sheria zimeweka ukuta: kichwa kisizidi sentimita za ujazo 460, na uso usiwe na mruko kupita kiwango. Kampuni zote kubwa ziliugusa ukuta huo miaka mingi iliyopita. Wanachoendelea kuboresha ni msamaha, yaani mpira usipoteze sana ukigongwa pembeni ya uso badala ya katikati. Msamaha huo ni wa kweli, lakini umekuja kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Draiva mpya ya jina kubwa inagonga dola 600. Ya miaka sita iliyopita, ikiwa haina ufa, inauzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na kwa handikapu ya 22 sidhani kama utaona tofauti kwenye kadi yako. Mimi sikuiona.

Mpya au mtumba

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ayani zangu za kwanza niliuziwa na duka moja mjini kama mpya, kwenye plastiki, kwa nusu ya bei. Jina kubwa, herufi zimekaa sawa, ukitazama kwa mbali. Mwezi wa nne, kwenye shimo la par 3, yaani lililopimiwa mapigo matatu, nilipiga namba 8 na kichwa cha fimbo kikang'oka kikafuata mpira. Wenzangu watatu walikaa chini kwenye nyasi wakicheka. Kichwa, naapa, kilifika karibu na bendera kuliko mpira. Niliporudi dukani nikaambiwa nimepiga vibaya.

Kwa hiyo mpya ya bei ya ajabu dhidi ya mtumba wa kweli: chukua mtumba. Chuma kilichofuliwa vizuri hakizeeki haraka. Seti ya miaka kumi na mitano, yenye mgongo ulioachwa wazi, bado itakufikisha handikapu ya 12 ukiwa na mikono ya kufika huko. Ila ikague hivi.

Pitisha ukucha kwenye shafti (mti wa fimbo) ya grafaiti kutoka juu hadi chini. Ukikwama mahali, hapo pana ufa, na ufa wa grafaiti hauna dawa. Shafti ya chuma itazame kama ina kutu, hasa kama fimbo imeishi pwani, maana chumvi ya bahari haichagui jina la kampuni. Tikisa fimbo karibu na sikio: ukisikia kitu kinagongagonga ndani, gundi imeachia. Tazama pale shafti inapoingia kwenye kichwa. Kile kipete cheusi kikiwa kimepanda na kuacha mwanya, hicho kichwa kimeanza safari. Rangi ndani ya herufi ikiwa nzito na imevuka mistari, au namba ya usajili haipo shingoni mwa fimbo ambayo kampuni yake huziweka, weka chini uondoke. Mipini iliyokauka na kung'aa isikutishe, fundi anaibadilisha kwa pesa kidogo, tena afadhali ubadilishe uchague unene unaokutosha mkono.

Kisha uliza digrii. Hapa hata wauzaji waaminifu hawana habari. Ayani namba 7 ya zamani ilikuwa na digrii 34 hadi 36. Ya leo inaweza kuwa na 28 hadi 30, yaani ni namba 5 ya mzee wangu wa Mombasa iliyoandikwa 7 ili ujisikie una nguvu. Si kosa kuinunua. Zimetengenezwa ziinue mpira vizuri. Tatizo linajitokeza kwenye fimbo fupi za begi. Wedji ya seti kama hiyo huwa na digrii 43 au 44. Ukiiongezea ile wedji ya mchanga ya digrii 56 uliyonayo nyumbani, katikati pana shimo la digrii 12, na umbali wote wa kati ya mita 75 na 105 huna fimbo yake. Nimecheza mwaka mzima na shimo hilo bila kujua, nikilaumu swingi. Unapochanganya, hakikisha kutoka wedji moja hadi nyingine hapapiti digrii 6.

Kwa mwenye mkono wa kushoto, samahani: mtumba wa kushoto ni adimu, na ukiupata nunua kwanza uulize baadaye.

Chuma au grafaiti, mgongo wazi au upanga

Nitazipita haraka. Shafti ya chuma kwa kawaida ina uzito wa gramu 90 hadi 130. Ya grafaiti 50 hadi 80. Kijana mwenye nguvu na papara atulizwe na chuma. Mwenye umri uliosogea, au kiwiko kinachouma Jumapili asubuhi, achukue grafaiti bila kuona haya. Laini au ngumu? Ukibahatisha, bahatisha kuelekea laini.

Ayani nyembamba zenye mgongo uliojaa, zile zinazofanana na panga, ni nzuri kutazama. Mchezaji wa kulipwa anazitaka kwa sababu zinamwambia ukweli. Sisi ukweli tunaujua tayari. Karsten Solheim, mhandisi wa General Electric aliyezaliwa Norway, alianza kutengeneza pata gerejini kwake Marekani mwaka 1959 kwa sababu yake ilikuwa inamhangaisha. Akagundua kwamba ukihamisha uzito kutoka katikati ukaupeleka pembezoni, kichwa hakijipindi ovyo ukikosea. Pata yake ilitoa mlio wa "ping", ndilo jina la kampuni mpaka leo. Karibu kila ayani ya mgongo wazi unayoiona kwenye begi la Jumamosi inatembea na wazo hilohilo.

Haibridi au ayani ndefu

Viwanja vingi vya nyanda za juu za Kenya vina nyasi ambazo dunia nzima inaziita kikuyu, kwa sababu kwao ni huku kwetu. Zimesambaa hadi Australia na California. Uwanja wa Riviera ulio Los Angeles una feawei, zile njia za nyasi fupi za kuelekea grini, za kikuyu. Zikikatwa fupi ni raha: mpira unakaa juu kama umewekewa mto. Kwenye rafu, nyasi ndefu za pembeni, ni balaa. Majani yake ni manene, yanajisokota kwenye shingo ya fimbo, na uso unafunga kabla hujafika kwenye mpira. Ayani namba 3 au 4 hapo ni kama kufyeka kwa kisu cha mezani.

Haibridi, fimbo inayochukua nafasi ya ayani ndefu, ina tumbo pana linaloteleza juu ya nyasi, na uzito wake uko chini na nyuma, kwa hiyo inainua mpira hata kama hukuugonga safi. Kwa mchezaji wa wikendi, namba 3 na 4 za ayani zingeachwa dukani. Mpira ukizama kabisa kwenye kikuyu, hata haibridi isikudanganye: chukua wedji, rudi kwenye feawei, umeze pigo moja.

Kuna watakaonitajia Seve Ballesteros. Ni kweli, yule Mhispania alijifunza mchezo akiwa mtoto kwenye mchanga wa ufuo wa Pedreña, akiwa na ayani namba 3 peke yake, na mwaka 1978 akaja kuchukua Kenya Open. Lakini Seve alikuwa na ufuo mlangoni na jioni zote za utoto wake. Wewe una Jumamosi, tena ikiwa hakuna harusi.

Wedji: kitako kinene au chembamba

Digrii zilizoandikwa kwenye wedji ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni baunsi, yaani jinsi kitako cha fimbo kilivyochomoza chini ya ncha yake. Baunsi kubwa, ya 12 au 14, inafanya fimbo iteleze mchangani badala ya kuchimba kaburi. Inafaa mchanga laini na mwingi, na feawei za bara wakati wa masika, udongo ukiwa umelowa. Baunsi ndogo, ya 6 hivi, inafaa ardhi ngumu ya kiangazi, pale ambapo kitako kinene kingeruka na kuugonga mpira tumboni ukavuka grini kama risasi.

Nilinunua wedji tatu. Mbili zingetosha, mradi tofauti kati yao isipite zile digrii 6: ile ya seti, na moja ya digrii 54 au 56 yenye baunsi ya 10, ambayo haing'ari popote wala haikuaibishi popote. Ile ya digrii 60 nimempa jirani. Simwombi anirudishie.

Mpira

Kuna mpira wenye ganda gumu na kiini kimoja, dola 25 hivi kwa dazeni, na kuna wenye ganda laini la yurethani na tabaka tatu au nne, zaidi ya dola 50. Laini unashika grini ukipiga wedji safi. Mgumu unakwenda mbali vilevile, unapinda kidogo kuliko laini, unabingirika zaidi. Ukipoteza mipira mitatu kwa raundi, jibu unalo. Ile ya kuokotwa majini ambayo vijana wanauza nje ya lango nayo inafaa, mradi usichanganye aina raundi moja, kwa sababu hutajua kama kilichobadilika ni mpira au mkono.

Draiva au pata

Chukua uwanja wa par 72. Par yenyewe imehesabu mapigo mawili ya pata kwa kila shimo: mara 18, ni 36. Nusu ya mchezo. Draiva utaitoa mara 14 tu, ukiwa mpenzi wake wa dhati. Sasa nenda kwenye uwanja wa mazoezi Jumamosi saa tatu asubuhi uhesabu watu walio kwenye mikeka na walio kwenye grini ya mazoezi. Makedi wanaosubiri zamu ndio utakaowakuta kwenye grini, wakishindana kwa soda, na ndio wanaotufunga.

Pata nyembamba kama kisu inamfaa mtu ambaye mkono wake unakwenda kwa tao, unafungua na kufunga. Pata yenye kichwa kikubwa kama pasi inamfaa anayerudisha na kusukuma kwa mstari ulionyooka, na inasamehe zaidi. Muhimu kuliko umbo ni urefu. Iname kama kawaida yako, mikono ining'inie, kisha angusha mpira kutoka kwenye jicho lako la kushoto. Ukiangukia juu ya mpira ulioulenga, au karibu yake kwa ndani, pata ni saizi yako. Ukianguka mbali zaidi kwa ndani, upande wa miguu yako, fimbo ni ndefu, na hakuna mazoezi yatakayokunyooshea. Fundi anaikata kwa dakika kumi.

Fimbo au mwalimu

Sasa slaisi yangu. Kwa miaka miwili kila kitu nilichonunua kilikuwa dawa yake: draiva yenye uzito kisiginoni, mipira iliyoahidi kunyooka, hata glavu. Nilipoishiwa, nikaenda kwa mwalimu.

Hakuniuliza fimbo. Alisema, "Shika." Nikashika. Akainama akatazama mkono wangu wa kushoto, akauliza naona vifundo vingapi vya vidole nikitazama chini. Kimoja. Akauzungusha mkono kuelekea kulia mpaka nikaona viwili na nusu, kile kibonde kati ya kidole gumba na cha shahada kikielekea bega la kulia. Nilihisi nimeshika jembe. Mpira wa kwanza ukaenda kushoto kwa hasira, wa pili nao. Akafurahi, mimi nikataka kurudishiwa pesa.

Alichonieleza ndicho ningetaka kuelezwa siku ya kwanza. Mpira huanza safari ukifuata zaidi uso wa fimbo unakotazama. Kisha hupinda kulingana na tofauti kati ya uso huo na njia ambayo fimbo inapita. Slaisi ni uso uliobaki wazi ukilinganisha na njia, na njia inayokata kutoka nje kuja ndani. Mshiko ulishughulikia uso. Kwa njia, alichukua boksi tupu la mipira akaliweka upana wa kiganja nje ya mpira wangu, sambamba na shabaha. "Piga mpira, usiguse boksi." Boksi la kwanza nililipasua. La pili pia. La tatu liliishi, na mpira ule ulipaa ukielekea kulia kidogo, ukarudi katikati. Sikuwahi kuuona mpira wangu ukirudi.

Ilinichukua wiki sita za kucheza vibaya kuliko zamani. Hapo ndipo wengi wanapotoroka warudi kwenye mshiko wao wa zamani na kununua draiva.

Mwalimu dhidi ya video za mtandaoni: video si mbaya, ila nyingi zinatibu ugonjwa ambao hujapimwa. Anayefungua mikono anamsikiliza anayefundisha kuzuia mikono isifunge, basi anameza dawa ya jirani. Ukikosa pesa za masomo kumi, lipia mawili yenye mwezi mzima katikati, na kati yake jirekodi kwa simu, mwendo wa polepole, kamera ikiwa nyuma yako kwa usawa wa mikono na ikitazama shabaha. Ukiiweka popote pengine, njia ya fimbo itakudanganya.

Na kupimwa fimbo na mtaalamu? Ni jambo zuri sana, lakini baada ya masomo. Ukipimwa na slaisi yako, utauziwa fimbo za kuitunza slaisi.

Kuhusu mazoezi: ndoo ya mipira 100 kwa draiva hiyohiyo, mmoja baada ya mwingine, ni jasho tu. Mipira 40 inatosha ukibadilisha fimbo kila baada ya mipira miwili, ukichagua shabaha, ukirudi nyuma hatua mbili kabla ya kila pigo kama vile uko uwanjani. Mimi hucheza mashimo ya uwanja wangu kichwani: draiva, kisha haibridi, kisha wedji. Majirani wa mkeka wanadhani sijui ninachotaka.

Begi la sasa

Sheria inaruhusu fimbo 14. Ukizidisha, ni adhabu ya mapigo mawili kwa kila shimo ulilokosea, mwisho manne kwa raundi. Sina hatari hiyo. Nilishuka tena Mombasa nikiwa na 10: draiva ya mtumba ya digrii 12, haibridi namba 4, ayani kuanzia 5 hadi 9, wedji ya seti, ya 56, na pata ambayo fundi aliikata inchi moja.

Mzee yule alikuwepo. Aliinua begi, akalipima kwa bega, akanitazama. "Zingine umeziuza?"

"Nimeziuza, mzee."

Tulipofika kwenye lile shimo, kusi lilikuwa palepale, na mimi nilikuwa na mita 140 na kitu. Nikanyoosha mkono bila kugeuka. Akaniwekea 5. Nikauona mpira ukitoka chini, ukitoboa upepo, ukigonga mbele ya grini na kupanda mpaka hatua tano kutoka kwenye bendera. Mzee akaifuta fimbo kwa taulo, akairudisha, akanipa pata.

Nikaitumia mara tatu.